Siku Tatu za Madaraka Nyumbani: Nani Anamwangalia Mtoto?

Mwaka huu wa 2026 Sikukuu ya Madaraka, Juni 1, inaangukia siku ya Jumatatu. Kwa wakaazi wengi wa Kaunti ya Nakuru hizo ni siku tatu mfululizo bila kazi na bila shule, kuanzia Jumamosi Mei 30. Wapo watakaosafiri mashambani kuwaona wazee, na wapo watakaotembea Naivasha au Menengai. Lakini familia nyingi zenye watoto wadogo zitabaki nyumbani, ama kwa sababu nauli hupanda kila sikukuu, ama kwa sababu kusafiri na mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miezi minane ni kazi kuliko kazi yenyewe.

Makala haya ni ya hao wanaobaki. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hapungukiwi na chochote kwa kutotoka. Anachotaka ni watu wake, chakula chake kwa wakati wake, mahali pa kuchezea na usingizi. Jambo moja tu ndilo linalohitaji kupangwa mapema. Siku za mapumziko nyumba huwa na watu wazima wengi kuliko kawaida, na kila mmoja wao hudhani mwenzake ndiye anayemwangalia mtoto.

Mtoto hajui kuwa ni sikukuu

Mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi ataamka saa kumi na mbili hata siku ya Madaraka. Mzazi aliyepanga kulala hadi saa tatu atakasirika bure. Njia rahisi ni wazazi kugawana asubuhi: mmoja aamke na mtoto Jumamosi, mwingine Jumapili, na anayelala alale kweli mlango ukiwa umefungwa.

Kinachowavuruga watoto wadogo wakati wa sikukuu mara nyingi ni saa zilizobadilika. Chakula cha mchana kinachelewa mpaka saa tisa kwa sababu wageni hawajafika. Usingizi wa adhuhuri unarukwa kwa sababu sebule imejaa watu. Ifikapo saa kumi na moja mtoto analia kwa kila kitu, na watu wanasema ni mtukutu, ilhali ana njaa na usingizi. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 unaeleza kiasi cha usingizi ambacho mtoto anahitaji katika siku nzima, usiku na mchana ukijumlishwa: saa 12 hadi 16 kwa mtoto wa miezi minne hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja hadi miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne. Mtoto wa miaka mitatu aliyekaa macho na wageni hadi saa tano usiku, kisha akaamka alfajiri kama kawaida, hajafika hata karibu na kiasi hicho.

Kwa hivyo wageni waje, lakini mtoto apewe uji wake saa nne kama siku zote, ale mchana hata kama chakula cha wakubwa hakijaiva, na alazwe chumbani wakati wake ukifika. Aliye chini ya miezi sita aendelee kunyonya maziwa ya mama pekee. Hahitaji maji, wala supu ya sikukuu, hata kama nyanya yake anasema watoto wake wote walionjeshwa.

Watu wengi, macho hakuna

Siku ya kazi mtoto huwa na mwangalizi mmoja anayejulikana. Inaweza kuwa ni mama, msaidizi wa nyumbani, nyanya, au mlezi wa kituo cha kulelea watoto. Mtu huyo akienda chooni, anajua mtoto yuko wapi.

Siku ya sikukuu mambo hubadilika. Baba yuko sebuleni anatazama gwaride kwenye televisheni. Mama yuko jikoni. Shangazi ameketi kibarazani na mgeni. Binamu wanakimbizana uani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatoka jikoni akielekea sebuleni, na mama anatulia akijua mtoto amekwenda kwa baba. Baba hakumwona akiingia, kwa sababu mtoto alipita mlango wa nyuma kuwafuata binamu. Hakuna aliyezembea katika nyumba hiyo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto yuko na mtu.

Dawa yake ni kukabidhiana kwa maneno. Anayeondoka aulize, "Uko naye?" na anayebaki ajibu, "Niko naye." Pasipo jibu, mtoto hajakabidhiwa. Anayesema yuko naye haangalii simu, hapiki, na hajanywa pombe. Saa moja moja kwa zamu inatosha, kwa sababu kumwangalia mtoto anayejifunza kutembea kunachosha zaidi ya inavyoonekana. Kijana wa miaka 15 anaweza kushika zamu mtu mzima akiwa karibu. Msichana wa miaka minane hawezi, hata akiwa mwerevu namna gani, kwa kuwa naye bado ni mtoto na ana haki ya kwenda kucheza.

Familia zinazofanya hivi hupata pia kile walichokitafuta tangu Ijumaa. Asiye kwenye zamu anaweza kulala usingizi mzito, kusuka nywele au kutazama mpira hadi mwisho, bila kusikiliza kwa sikio moja kama mtoto amenyamaza mno. Na baba wasisubiri kuombwa. Kusema kwamba baba "anamsaidia mama" kumwangalia mtoto wake mwenyewe ni usemi wa kushangaza kidogo.

Lipo pia suala la msaidizi wa nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na wengi wao huenda kwao wikendi kama hii. Anapoondoka huondoka na ujuzi ambao hakuna aliyewahi kuuandika: kwamba mlango wa nyuma hauna komeo imara, kwamba mtoto ameanza kupanda viti wiki hii, kwamba dawa ya kikohozi ilihamishiwa juu ya kabati kwa sababu kifuniko chake kimevunjika. Kabla hajashika njia Ijumaa jioni, inafaa mzazi aketi naye dakika kumi na kumuuliza mtoto amejifunza nini kipya. Mara nyingi wazazi hushangazwa na majibu.

Siku ya chapati

Katika nyumba nyingi za kaunti hii sikukuu ni chapati. Kinachofuata ni karai la mafuta moto au kikaango chekundu, stuli fupi, jiko la makaa lililowekwa chini, na watoto waliovutwa na harufu. Maji yanayochemka, chai na mafuta ndivyo vinavyowachoma watoto wadogo zaidi majumbani, na mara nyingi mtoto huvivuta yeye mwenyewe: anashika mpini wa sufuria uliotokeza nje, au anavuta kitambaa cha meza chenye chupa ya chai juu yake.

Hatua zinazosaidia ni ndogo. Jiko la makaa liinuliwe juu ya meza imara ya mawe au saruji kama ipo, au liwekwe pembeni na kuzungushiwa kizuizi. Mipini ya sufuria igeuzwe ielekee ukutani. Kitambaa cha meza kiondolewe kwa siku hizi tatu. Chai isinywewe na mtu aliyempakata mtoto. Ni jambo la kawaida kabisa, na ndiyo maana huumiza wengi.

Mtoto mwenyewe asifukuzwe jikoni kwa ukali, maana atarudi. Apewe donge lake la unga, kifimbo kidogo na sahani, akae upande wa pili wa chumba au mlangoni na aliye kwenye zamu. Atasukuma donge hilo nusu saa nzima mpaka liwe la kijivu. Chapati yake ipikwe na apewe ale. Kuinyima moto kwa sababu haikuwa ya duara ni kumwonea.

Kuna mambo mengine mawili ya jikoni. Mafuta taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto mwenye kiu husoma chupa na si kilichomo ndani. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya kunyunyizia mboga, dawa ya panya na dawa ya kutoa madoa ya nguo: zikae katika vyombo vyake vya asili, juu, chini ya kufuli. Na katika maeneo ya Molo, Kuresoi na Mau Narok, ambako Juni huingia na baridi kali, jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku kupasha joto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Watu waliofunga madirisha wakalala nayo hawaamki kuomba msaada. Watoto wavishwe soksi, kofia na nguo mbili mbili, na jiko libaki nje.

Ndoo ya maji

Wazazi wanaoishi mbali na mto hudhani kuzama si tatizo lao. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kuwa duniani kote watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaozama kwa viwango vya juu zaidi. Kwa umri huo hahitaji mto. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, hivyo akiinama ndani ya ndoo au beseni na kupinduka, hana nguvu za kujinyanyua. Maji ya kina cha sentimita chache yanaweza kumzuia kupumua. Wala hapigi kelele. Anayezama hawezi kuita.

Siku za sikukuu maji yaliyotekwa huwa mengi, kwa sababu ya kupika, kufua na kuogesha wageni. Katika ploti za kupangisha, kama zilivyo nyingi za Kaptembwo na Karagita, ndoo za familia kadhaa husimama kwenye uwanja mmoja, na mtoto wako anaweza kufikia ndoo ambayo si yako. Majirani wanaweza kukubaliana jambo moja Jumamosi asubuhi: kila ndoo yenye maji ifunikwe kwa kifuniko kinachobana au iinuliwe, na kila beseni la kufulia limwagwe mara kazi inapokwisha. Mashambani kuna kisima, bwawa la kunyweshea ng'ombe, shimo la choo jipya na tangi lisilo na kifuniko. Hayo yafunikwe kabla watoto wa mjini hawajafika, kwa sababu wao hawajui yaliko.

Kucheza hakuna gharama

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti, na walimu wa chekechea wanajua jambo ambalo wazazi wengi hulionea shaka: katika umri huu kucheza ndiko kujifunza. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 1990, unataja kucheza na kupumzika kuwa haki. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne awe anajongea kwa angalau dakika 180 katika siku. Hiyo ni saa tatu za kukimbia, kupanda, kuruka na kuchimba, zikigawanywa siku nzima. Mtoto aliyeachwa huru uani huzimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Vifaa vimo ndani ya nyumba. Sufuria mbili na mwiko ni ngoma. Sanduku la katoni ni matatu, na dereva wake atahitaji abiria. Mifuniko ya chupa iliyooshwa huhesabiwa, hupangwa kwa rangi na kumwagwa tena, ingawa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu iwe mikubwa isiyoweza kuingia kinywani. Kalongolongo bado inachezwa, na mzazi anayealikwa kula ugali wa udongo anapaswa kuukubali na kuusifu. Mpira unaweza kufungwa kwa matambara na kamba. Wazazi wa leo waliufunga kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na vidole vya mtoto havikupoteza kitu. Tambara hufungika vizuri tu.

Jioni ni ya mazungumzo. Mtoto wa miaka minne anaweza kutegewa kitendawili, na hata asipokijua, kupiga kelele "Tega!" kunamtosha. Mdogo zaidi asimuliwe hadithi ya siku yake mwenyewe: alivyoamka, alivyomkimbiza kuku, alivyomwaga uji. Asimuliwe kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kikuyu, Kipsigis au nyingine yoyote. Ataomba hadithi hiyo hiyo tena kesho, na hapo ndipo maneno yanapokaa.

Kuhusu simu na televisheni, mwongozo huo unasema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Sikukuu mzazi atavuka kidogo, na hilo linaeleweka. Tatizo huanza pale simu inapogeuka kuwa mwangalizi, kwa sababu mtoto aliyetulia mbele ya katuni huinuka ghafla betri inapokwisha, na wakati huo hakuna aliye naye.

Wageni na mahali pa kulala

Wageni huja na zawadi. Njugu nzima, pipi ngumu na bisibisi zilizokaangwa zikauka zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Njugu zisagwe, na pipi zisubiri. Wanasesere wanaotumia betri ndogo za mviringo wakaguliwe kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, kwa sababu betri hiyo ikimezwa huchoma koo kwa muda mfupi sana.

Jambo jingine ni gumu kulisema, na kwa sababu hiyo familia huliacha. Nyumba inapojaa, watoto hulazwa popote palipobaki nafasi, pamoja na yeyote aliyekuja. Mzazi ana haki ya kupanga nani analala wapi bila kumtuhumu mtu. Watoto wadogo walale na wazazi au peke yao. Mtoto anayekataa kukumbatiwa au kupakatwa na mgeni asilazimishwe kwa ajili ya adabu. Anaweza kuamkia kwa mkono au kwa mdomo, na adabu imetimia. Akilalamika kuhusu mtu, asikilizwe kabla ya kukemewa. Simu ya 116 ya Childline Kenya hupokelewa bila malipo, mchana na usiku, sikukuu ikiwemo.

Kwa wasiopata likizo

Maua hayangoji Madaraka. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha, walinzi, wauguzi na wenye maduka watakuwa kazini Jumatatu, na huenda mlezi wa kila siku atakuwa amefunga. Mpango wa mtoto ufanywe Ijumaa na mtu mzima anayejulikana, naye aonyeshwe vilipo chakula, nguo na kijitabu cha Mama na Mtoto. Kumfungia mtoto chumbani na mwenzake wa miaka saba hadi zamu iishe ni hatari, kwa sababu moto ukitokea mlango huo hauna wa kuufungua.

Likitokea

Baadhi ya zahanati hazifunguliwi wikendi na sikukuu. Kabla ya Jumamosi, mzazi amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wake ni kituo gani cha karibu kitakachokuwa wazi usiku na mchana, na ahifadhi nambari ya jirani au mhudumu wa bodaboda mwenye kuaminika. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiliwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Pasipo bomba, mtu aendelee kumwaga kwa jagi juu ya karai. Pasipakwe dawa ya meno, siagi, unga wala ute wa yai, na barafu isitumiwe. Kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe hospitalini. Akinywa mafuta taa au dawa, asitapishwe, kwa sababu yakirudi yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe mara moja pamoja na chupa yenyewe. Akiharisha, aanzishiwe maji ya chumvi ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, apewe zinki kama mhudumu atakavyoagiza, na aendelee kunyonya na kula. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, huyo hasubiri Jumanne.

Jumatatu jioni jiko lizimwe mapema na mtoto alale saa mbili usiku, kwa kuwa Jumanne gari la shule halitachelewa. Msaidizi wa nyumbani akirudi, aelezwe kilichobadilika alipokuwa hayupo: kitambaa cha meza kimehifadhiwa wapi, ndoo ipi imepata kifuniko, na kwamba mtoto sasa anajua kufungua mlango wa nyuma.